Gaguro Jekundu Dirishani

“Don Nunzio! Shuka! Liache hilo jua, halina miguu, kesho utalikuta palepale!”

Sauti ilikuwa ya Donna Crocifissa, dobi wa uani, na sauti yake ikitaka kupanda ukuta haiulizi ngazi iko wapi. Juu ya paa la monasteri ya zamani, ndani ya kibanda ambacho serikali ilikiita kituo cha elimu ya nyota na watu wa uani wakakiita kizimba cha njiwa, Nunzio Carrubba alikuwa amebandika jicho kwenye darubini, penseli mkononi, anachora ulimi wa moto uliochomoza ukingoni mwa jua. Ndimi hizo zina tabia ya mbayuwayu. Ukigeuka kuchonga penseli, huyu kaondoka, kaja mwingine.

“Profesa! Mwanao kawiva kama nyanya!”

Hapo penseli ikaanguka, ikabingirika hadi ukutani, naye hakuiokota. Alishuka ngazi za mawe meusi huku kofia imebaki juu, na ulimi wa moto umebaki nusu kwenye karatasi.

Mtaa mzima wa Civita ulimjua. Alikuwa mtoto wa Turi mwasha taa, yule aliyezunguka kila magharibi na ufito wake mrefu akiziamsha taa za mtaani moja moja, na watu walipenda kusema kwamba baba aliwasha taa za Catania, mwana kapanda juu kutafuta aliyewasha jua. Walisema kwa mzaha, lakini walisema pia wakiwa na wageni, ili wageni wasikie. Maana Nunzio ndiye aliyekuwa wa kwanza kisiwani kuzitazama ndimi za jua siku ya kawaida, bila kungoja mwezi ulifunike. Aliupitisha mwanga kwenye mwanya mwembamba kama unywele, kisha kwenye kioo cha pembe tatu, nao ukafunguka kama upepeo, utepe wa rangi, na ndani ya utepe nyuzi nyeusi. Kila uzi na mwenyewe. Huu wa chuma. Huu wa chumvi.

“Chumvi?” mkewe Venera aliuliza siku alipoambiwa. “Kule juu? Na anayepika ni nani?”

Uani walicheka wiki nzima. Wataalamu walikuja kutoka kaskazini na makoti yao mazito, wakaruka mabeseni ya Donna Crocifissa, wakala rojo la maharage la Venera na kuomba tena. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na haikuwahi kukosa watu.

Siku ile pia ilijaa watu, ila hakuna aliyekuwa anacheka. Wanawake walikuwa wamemtangulia. Mena, mtoto wake wa pekee, alilala kitanda cha wazazi, uso umevimba, vipele vimeungana shingoni kama ramani. Surua. Ilikuwa imeingia mtaani tangu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Agatha, na ilikuwa haibishi hodi. Mbao za dirisha zilikwisha kufungwa, na Donna Crocifissa alikuwa amesimama juu ya kiti akitundika gaguro lake jekundu, lile la kuvaa chini ya sketi, juu ya mbao hizo, misumari mdomoni.

“Hilo la nini?” Nunzio aliuliza.

“La nini, anauliza! Wekundu unauvuta wekundu, Don Nunzio. Surua inataka kutoka nje, iache itoke. Mwanga ukiingia, inarudi ndani, inakaa kifuani. Hata paka anajua.”

“Sidora alifunga dirisha. Akatundika chekundu. Wanawe wawili wako wapi?”

Sidora mwenyewe, mke wa msusi wa vikapu, alikuwa amesimama karibu na mlango na bakuli la maji. Aliliweka chini taratibu, akatoka.

“Umefurahi?” alisema Venera. Hakupandisha sauti. Alikuwa amekaa kitandani, kiganja chake chini ya kisogo cha mtoto. “Nunzio, juu ya paa wewe ni profesa. Humu usiniletee shule. Apa.”

“Niape nini?”

“Hakuna mwanga utakaoingia humu mpaka mimi niseme. Apa kwa roho ya baba yako.”

Alitazama gaguro, akamtazama mkewe. Kubishana na Venera mbele ya wanawake wa uani ilikuwa sawa na kubishana na Mlima wa moto wenyewe. Hushindi, na majivu yanakuangukia. Akaapa.

Daktari alikuja jioni, akaweka sikio kwenye mgongo wa mtoto, akakaa hivyo muda mrefu kuliko alivyohitaji. Hakusema kitu mpaka alipofika ngazini na Nunzio.

“Kifua kimeshaingiliwa,” alisema. “Pande zote mbili.”

“Tufanye nini?”

“Mpe maji. Mpe anachotaka.” Alivaa kofia, akaivua tena. “Anachotaka chochote, unanielewa?”

Nunzio alimwelewa. Alirudi ndani, akamwambia Venera kwamba daktari amesema maji mengi.

Lakini mama haambiwi. Asubuhi Venera alivua viatu, akavua na herini za dhahabu alizoolewa nazo, akazifunga kwenye leso. Alikuwa ameweka nadhiri. Atakwenda peku mpaka kanisani kwa Mtakatifu Agatha na kurudi, na tangu kuvuka kizingiti mpaka atakapokigusa tena kitanda cha mtoto hatafungua mdomo kwa mwanadamu yeyote. Nadhiri ya namna hiyo ni kama kubeba maji kwenye kiganja; wote wanaijua, na wote wanajua inavyomwagika. Wanawake walimsindikiza hadi mwisho wa kichochoro, Donna Crocifissa mbele akifukuza watu kwa mkono kama kuku: “Msimsemeshe! Pisheni! Wewe mzee, sabahi ukuta!” Kisha wakarudi kwenye mabeseni yao, kwa kuwa zaidi ya hapo lazima mtu aende peke yake.

Chumbani wakabaki wawili. Gaguro lilipitisha wekundu hafifu, na kila kitu kilikuwa na rangi ya ndani ya mdomo.

“Baba.”

“Naam, mama.”

“Humu usiku umezidi.”

“Ni mchana, mwanangu. Tumeufungia nje tu.”

“Umefanya nini?”

“Nani?”

“Mchana.”

Mena alipumua, na kila pumzi ilikuwa na mlango mbovu ndani yake.

“Nionyeshe mkia wa tausi.”

Hivyo ndivyo alivyouita ule utepe wa rangi, tangu alipoanza kusema. Jumapili, baada ya misa, Nunzio alikuwa akiushusha ukutani kwa kioo chake, na Mena akiukimbiza kutoka kitandani hadi kabatini, mama yake akipiga kelele kwamba mtavunja vyombo.

“Ukipona.”

“Sasa.”

“Mama yako atatukata masikio.”

Mena hakulia. Nunzio alingoja alie, angeweza kushindana na kilio. Alikuwa na hadithi, alikuwa na maji ya sukari. Lakini mtoto alifumba macho tu, akageuza uso ukutani, bila kinyongo, kama mtu mzima aliyezoea kunyimwa.

Alisimama. Akainua upindo wa gaguro. Akavuta ubao wa dirisha, mwanya wa kucha tu, si zaidi. Jua la saa sita lilikuwa limengoja pale nje muda wote, likaingia bila kujikunja. Alitoa kioo mfukoni, akakishika mlangoni mwa mwanga ule, na mkia wa tausi ukashuka juu ya shuka jeupe, ukapita magotini mwa Mena na kusimama.

“Aa,” alisema mtoto.

Aliingiza mkono ndani yake. Kijani kilikaa kiganjani, akakigeuza huku na huku, kikamwagikia vidoleni. Alicheka, kicheko kikavu kilichogeuka kikohozi kisha kikarudi kuwa kicheko.

“Ni ya nani?”

“Yako.”

“Yote?”

“Yote. Hakuna mwingine aliyeomba.”

“Nimwekee Mama?”

“Mwekee.”

Akafumba ngumi. Alikuwa ameikaza kweli, mpaka vifundo vikawa vyeupe katikati ya vipele, na ilikuwa bado imefumbwa mlango ulipofunguka.

Venera alisimama kizingitini. Miguu ilikuwa na vumbi jeusi la barabara, kidole kimoja kinatoka damu, masikio matupu. Aliona ubao. Aliona mwanga. Mdomo wake ulifunguka na Nunzio akajikunja kama mtu anayengoja kofi, lakini hakuna sauti iliyotoka. Nadhiri ilikuwa haijaisha, bado alikuwa hajagusa kitanda. Akampita mumewe. Akafunga ubao. Akashusha gaguro. Kisha tu ndipo alipoweka kiganja juu ya shuka.

“Uliapa,” alisema.

“Mama,” alisema Mena gizani, “nimekuwekea.” Akafungua ngumi.

Jumamosi alfajiri, kengele za kwanza zilipolia, Mena hakuwepo tena.

Matanga yakafuata kama yanavyofuata. Kioo cha kabati kikageuzwa uso ukutani. Moto wa jiko ukazimwa, kwa kuwa nyumba yenye msiba haipiki, majirani ndio hupika. Nunzio akaacha ndevu ziote. Venera akakaa kwenye kiti kifupi karibu na kitanda kitupu, gizani, shali nyeusi kichwani, na hakutaka gaguro liondolewe.

Na hakula. Siku ya kwanza hawakushangaa. Ya pili walitazamana. Nyumba moja ilileta supu ya kuku, nyingine tambi, Sidora naye, aliyekuwa na kila sababu ya kutoleta, alileta mkate wa ufuta uliotoka tanurini muda ule, akauweka magotini mwa Venera na kuondoka. Venera aliutoa magotini kama mtu anayemtoa paka. Maji alikunywa kidogo, ya kulowesha midomo. Uso wake ulianza kuingia ndani, mifupa ikatangulia mbele.

“Don Nunzio,” Donna Crocifissa alimwambia ngazini, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane alinong’ona. “Mimi nimezika waume wawili na wa tatu yuko njiani. Njaa ya namna hii naijua. Haitaki chakula, inataka kaburi. Mfanye aseme. Atukane, avunje sahani, anipige hata mimi. Mtu asiposema anaondoka.”

“Amesema lolote kwenu?”

“Kwetu?” Alikunja aproni yake. “Kwetu anasema nini, sisi ambao tunasema vya kutosha?”

Na kweli walisema, maana ule mwanya wa dirisha waliuona kutoka uani. Alikuwa akiwasikia chini, kati ya maji na sabuni, sauti zikishuka kila alipopita. Ilirudi ndani. Alifungua dirisha. Aliapa na akafungua. Hakuwajibu. Maneno yake ya kujitetea aliyatunza kwa mtu mmoja tu, ameyapanga tayari: ngazini, daktari, pande zote mbili, jioni kabla ya yote. Alingoja saa ambayo Venera angeweza kuyasikia.

Mchana mmoja alichukua bakuli la supu na kipande cha ule mkate, akaingia, akachuchumaa mbele ya kiti kifupi.

“Vijiko vitatu,” alisema. “Nitahesabu mimi.”

“Nilicheka.”

Sauti ilikuwa imekauka hata hakuitambua.

“Nini?”

“Njiani. Nikitoka kwa Mtakatifu, nimeshampa herini, nimeshapiga magoti. Nilipita sokoni. Kulikuwa na mwanamke anabishana na muuza samaki, anamwambia, samaki wako ananuka. Akamjibu, bibi, samaki alikuwa salama mpaka uliposogea karibu naye.” Alimeza mate. “Nikacheka, Nunzio. Kwa sauti. Mtoto wangu yuko kitandani, nadhiri iko mdomoni mwangu, nikacheka na mate yakanitoka. Watu waligeuka wakanitazama.”

“Venera.”

“Nilitembea njia yote iliyobaki najiambia, si neno, kicheko si neno. Nimefika, nimekuta dirisha wazi. Nikafurahi. Unasikia? Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha, kwamba kuna mwingine aliyekosea.” Aliinua uso. Gizani macho yake yalikuwa mashimo mawili. “Wewe umelisoma jua maisha yako yote. Wazungumzaji uani naachana nao. Nakuuliza wewe. Ni mimi au ni mwanga?”

Saa ilikuwa imefika, akaweka bakuli sakafuni na kuyatoa maneno yake yaliyopangwa.

“Si wewe, wala si mwanga. Daktari aliniambia jioni ileile. Kifua kilikuwa kimeshaingiliwa, pande zote mbili, kabla hujavua viatu. Sikukwambia. Niliogopa. Hakuna mtu aliyefanya lolote, Venera. Ni surua.”

Alidhani ataona kitu kinalegea. Venera alitikisa kichwa polepole, akaendelea kukitikisa.

“Nilijua,” alisema. “Unadhani sikuusikia mgongo wake? Kwa nini nilikwenda peku, unadhani? Vya daktari vilikuwa vimekwisha. Kilichobaki kilikuwa changu mimi, na Mtakatifu alikuwa ananisikiliza, nilimwona ananisikiliza. Nikakimwaga kwa ajili ya samaki.” Akajifunika shali usoni. “Basi ni mimi. Ahsante. Hukuwahi kunidanganya hata nilipotaka unidanganye. Chukua supu yako.”

Ukweli wake wote ulikuwa umetoka, ukaenda kukaa upande usio wake, ukamtia Venera hatiani. Nunzio alibaki amechuchumaa. Alikuwa amezoea kungoja. Huko juu alingoja mawingu, alingoja upepo utulie, alijua kukaa kimya mpaka kitu kijionyeshe. Hapa kilichojionyesha kilikuwa kifundo cha mkono wa mkewe juu ya shali, chembamba mno, mshipa unapiga chini ya ngozi.

“Sijamaliza,” alisema.

Venera akaikaza shali usoni.

“Nimekwambia aliyosema daktari. Sijakwambia ninayoyajua mimi.” Aliposikia sauti yake aligundua ni ile ya darasani, ile tulivu, anayoitumia kwa wanafunzi wagumu. “Katika ule utepe, mwishoni kabisa, baada ya zambarau, kuna mwanga usioonekana. Uko. Unababua karatasi zenye dawa, nimejaribu mwenyewe. Unapenya. Ngozi ya mtoto mwenye surua ni nyembamba.”

Shali ilishuka kidogo.

“Alikuwa anapona, Venera. Asubuhi ile ulipotoka. Pumzi ilikuwa imefunguka, alizungumza na mimi, alicheka. Mtakatifu alikuwa amekwisha kukubali. Herini alizipokea.” Alivuta pumzi. “Nikafungua mimi. Ni mwanga.”

“Una hakika?”

“Kazi yangu ni nini?”

Venera akamvamia. Alimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, akampiga mabega, akamvuta ndevu, na sauti iliyomtoka haikuwa na maneno mwanzoni, baadaye ikawa nayo, na Nunzio aliyapokea yote, la baba yake, la elimu yake, la kizimba chake cha njiwa, akiwa ameshikilia viwiko vyake asije akaanguka. Bakuli lilipinduka, kipande cha mkate kikaangukia sakafuni. Nje ya mlango mitalawanda ya mbao ya Donna Crocifissa ilianza kukimbia, ka-ka-ka-ka, kuteremka ngazi.

“Toka mbele ya macho yangu,” alisema Venera hatimaye, akihema, kamasi na machozi usoni. “Nisikuone. Nenda kwa jua lako.”

Akaenda. Lakini alifika ukumbini tu, nyuma ya pazia. Alisimama pale na mgongo ukutani.

Kutoka uani sauti ilipanda, ileile isiyouliza ngazi: “Kakiri! Kwa mdomo wake! Profesa mwenyewe! Ni jua!” Na dirisha moja likafungwa, mbao zikagonga jiwe. Likafuata la jirani yake. Kisha la ng’ambo, lile la chumba ambacho hakikuwa hata na mgonjwa, kisha yote ya ghorofa ya juu, moja baada ya jingine, na watoto wakiitwa ndani kwa majina yao. Katikati ya kugonga kule mwanamke mmoja aliuliza, wala si kwa nguvu, “Na wangu?” Alikuwa Sidora. Hakuna aliyemjibu. Mbao zikaendelea.

Nunzio hakugeuza kichwa. Alikuwa anasikiliza upande mwingine, nyuma ya pazia, kwenye giza. Kiti kifupi kilikwaruza sakafu. Kimya. Kitambaa kikaburuta, kama mtu anayeinama kutafuta kitu kwa mkono. Kimya tena, kirefu, akabana pumzi ili asikiharibu.

Kisha gamba la mkate likavunjika, na taratibu, kwa taabu, mtu akaanza kutafuna.